Bendi yako ikipiga siku mbili mfululizo: uende Ijumaa, Jumamosi, zote mbili, au uifuate Kigoma?

Mtu wa Dar es Salaam akiikosa bendi yake wiki hii, ataikuta wiki ijayo. Msondo Ngoma, iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, na Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, zimekuza mashabiki wanaojua bila kuuliza bendi yao inapiga wapi na siku gani. Sisi wa Tabora hatuna nafasi hiyo. Bendi ya vyombo ikifika huku inapiga Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili asubuhi imekwisha kufunga mizigo. Au inapiga kwetu Ijumaa, na Jumamosi iko Kigoma. Ukiikosa, unaweza kukaa mwaka mzima unaisikiliza kwenye simu tu.

Ndiyo maana bango la bendi likibandikwa stendi maswali huwa yale yale. Siku ya kwanza au ya pili? Nilipe zote mbili? Na kama ya pili iko Kigoma, niifuate? Mimi napenda bendi ndogo, zile zinazojiendesha zenyewe, zinazopiga tungo zao, zenye magitaa mawili matatu na zisizo na tajiri wa kuzilipia matangazo. Naandika kwa shabiki mwenzangu wa bendi za namna hiyo, ambaye mfuko wake una mwisho na anayekwenda ukumbini kwa sababu ya muziki wenyewe.

Uliza kwanza bendi yako ni ya aina gani

Kabla hujapima Ijumaa na Jumamosi, pima bendi. Zipo ambazo onesho lao ni moja popote zinapokwenda. Bendi kubwa inayosafiri na taa na picha za video zilizopangwa kwa sekunde haiwezi kubadilisha nyimbo inavyotaka, maana mitambo yote imeshawekewa wimbo upi unafuata upi. Ukiiona jana, leo utaona kile kile, pengine hata salamu kwa wananchi ni ile ile. Kwa bendi ya aina hiyo, siku ya pili ni kulipa mara mbili, labda kama unaipenda kiasi cha kutojali.

Zipo pia zinazoona kurudia ni kumpunja shabiki. Mfano ninaoupenda ni Yo La Tengo, bendi ya roki ya kujitegemea kutoka Hoboken, New Jersey, Marekani. Mwaka 2001 walianza desturi ya kupiga siku nane mfululizo wakati wa Hanukkah, sikukuu ya Wayahudi, katika ukumbi mdogo wa Maxwell's mjini kwao. Ukumbi ule ulipofungwa mwaka 2013 desturi ilikatika, ikarudi mwaka 2017 katika ukumbi wa Bowery Ballroom, New York. Kila usiku una wageni wake na orodha yake ya nyimbo, na mapato yanakwenda kwenye misaada. Wilco, wa Chicago, walifanya jambo la jamaa hiyo Februari 2008: siku tano katika ukumbi wa Riviera, wakapitia karibu kila wimbo wa albamu walizokuwa wamerekodi studio hadi wakati ule. Shabiki aliyekwenda siku moja tu alirudi nyumbani na kipande. Kwa bendi hizo, kwenda siku zote ndiyo kuliona onesho zima.

Bendi zetu za dansi ziko katikati ya aina hizo mbili, na hapo ndipo ugumu wa kuchagua unapoanzia. Bendi ya dansi hupanda jukwaani saa 3 usiku na kushuka saa 8, wakati mwingine saa 9. Saa zote hizo haziwezi kujazwa na vibao vinane vinavyojulikana. Kwa hiyo vibao vikubwa utavipata siku zote mbili, kwa kuwa mashabiki watavidai, lakini vinavyovizunguka vinabadilika: kopi, yaani nyimbo za bendi nyingine, za mwanzoni wakati ukumbi bado una viti vitupu, tungo mpya zinazojaribiwa, nyimbo za zamani zinazopigwa kwa sababu kuna mzee ameziomba. Karibu nusu ya usiku inaweza kuwa mpya.

Njia ya kujua ni kuuliza. Bendi ndogo hailindwi na mabaunsa. Alasiri ya Ijumaa, wakati vyombo vinashushwa, kiongozi wa bendi yuko pale pale kwenye kivuli cha mwembe anakunywa soda. Mwamkie, mwambie wewe ni shabiki na unafikiria kuja siku zote mbili, umuulize kama watapiga vilevile. Wanamuziki wanaliheshimu swali hilo. Wengine watakuuliza hapo hapo unataka wimbo gani Jumamosi, na ukiutaja ujue kuna uwezekano mkubwa ukapigwa.

Ijumaa: sauti mbichi, mitambo ikitafutana

Usiku wa kwanza una kasoro moja kubwa, nayo ni mitambo. Fundi mitambo amefika mchana na kuupima ukumbi ukiwa mtupu. Kumbi zetu nyingi ni kuta za tofali, sakafu ya saruji na bati juu. Sauti inagonga inarudi, inagonga inarudi. Watu wakishaingia, miili na nguo zao zinameza sehemu ya sauti, hasa ile kali ya juu, na vipimo vyote vya mchana vinakuwa si sahihi tena. Nyimbo za mwanzo wa Ijumaa kwa hiyo ni fundi akitafuta. Besi inafunika waimbaji, kipaza sauti kinapiga mluzi, gitaa la rizimu, lile linaloshika mapigo chini ya solo, halisikiki kabisa. Kufikia saa 5 mambo huwa yamekaa sawa, ila mwanzo umeshapita.

Fidia yake ni koo za waimbaji. Mtu aliyeimba kwa nguvu saa tano, juu ya dramu na tumba, analala na nyuzi za sauti zilizovimba kidogo, na usingizi wa saa sita hauwezi kuzirudisha zote. Ijumaa anafika mzima. Zile sehemu ambazo waimbaji watatu wanapanda pamoja kwenye kiitikio, kila mmoja na sauti yake, Ijumaa zinafika juu kabisa bila kukwaruza. Wapiga tarumbeta ni hivyo hivyo: midomo yao ni misuli, na misuli iliyochoka hukosa noti za juu kwanza. Kama kinachokupeleka kwa bendi yako ni uimbaji au tarumbeta, Ijumaa ndiyo siku yako, na usikubali mtu akushawishi vinginevyo.

Halafu watu. Ijumaa ukumbi haujai sana. Wanaokuja ni wanaoijua bendi, wafanyakazi waliotoka kazini, walimu, na wazee waliocheza dansi tangu zamani na bado wanavaa suruali zilizopigwa pasi. Unaweza kusimama mita mbili kutoka kwa mpiga solo na kuona vidole vyake. Hiyo peke yake, kwangu, inatosha kulipia kiingilio.

Jambo jingine dogo: nyuzi. Wapiga gitaa wengi hufunga nyuzi mpya mwanzo wa safari. Nyuzi mpya zinalia kwa ung'avu mzuri sana lakini zinanyooka na kulegea, kwa hiyo utaona gitaa likirekebishwa kati ya nyimbo. Siku ya pili zimetulia.

Jumamosi: magitaa

Siku ya pili fundi mitambo anaufahamu ukumbi. Ameacha vipimo vyake kama vilivyokuwa saa 8 usiku wa jana, na kuanzia wimbo wa kwanza kila chombo kiko mahali pake. Bendi nayo imeshajua pale jukwaani mwangwi unatokea wapi na nani asimame wapi ili amsikie mwenzake. Wanamuziki wanaosikiana vizuri wanathubutu. Mpiga dramu anabadilisha mapigo katikati ya wimbo akijua besi itamfuata.

Na zile koo zilizochoka? Nimeona bendi nyingi zinavyoliziba pengo hilo, na kinachotokea kinanifurahisha kila mara. Mwimbaji kiongozi anampa mwenzake beti za juu. Wimbo unashushwa kidogo. Wanaimba beti mbili badala ya tatu, kisha anamgeukia mpiga solo na kumpa ishara aendelee. Sebene, ile sehemu ya magitaa baada ya maneno, ambayo jana ilikuwa dakika nne leo inakuwa tisa. Solo inazunguka, rizimu inaikaba kwa chini, besi inatembea, na hakuna anayeharakisha kwa kuwa mwimbaji anapumzika. Kama moyo wako uko kwenye magitaa, uchovu wa waimbaji ni bahati yako.

Watu ndio tatizo la Jumamosi, au ndio utamu wake, inategemea umefuata nini. Ukumbi unajaa, hasa masoko ya tumbaku yakiwa yamefunguliwa na wakulima wa Urambo, Kaliua na Sikonge wana pesa mkononi. Wanaopenda kutunza wanapanda jukwaani mmoja mmoja, wanabandika noti kwenye paji la mwimbaji, na mwimbaji naye inabidi awataje majina. Wimbo unarefuka kwa majina. Kwa anayecheza, huo ni usiku wa kukumbukwa. Kwa anayetaka kusikia ubeti wa tatu, ni taabu, na mbele ya jukwaa hakuna nafasi ya hata mguu mmoja.

Bendi pia huchelewa kuanza Jumamosi. Wanangoja watu, na watu wanangoja wasikie bendi imeanza.

Zote mbili: sikio linapata nini

Hapa ndipo nina mengi ya kusema, kwa sababu ndipo watu wengi wanaponiambia ninapoteza pesa. Wanasema nyimbo ni zile zile. Mara nyingi ni kweli vibao ni vile vile. Lakini sikio halifanyi kazi ile ile siku ya kwanza na ya pili.

Fikiria tulivyoujua muziki huu. Wengi tumeujua kupitia redio na kanda, na kabla yetu wazazi wetu kupitia santuri ndogo. Santuri ile ilikuwa na nafasi ya dakika chache kila upande, ndiyo maana nyimbo nyingi za dansi zilikatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno na kiitikio, upande wa pili sebene. Ulichokisikia ni namna moja ya kuupiga ule wimbo, siku moja, studio, mbele ya saa ya ukutani. Umeisikia mara nyingi mpaka ukaamini kuwa huo ndio wimbo wenyewe.

Ijumaa ukiusikia ukumbini, unabebwa. Unafurahi kwamba ni wao kweli, unaimba nao, unatofautisha na kanda bila kutaka. Hupati nafasi ya kusikiliza sawasawa. Jumamosi ule msisimko wa kuwaona umeshatulia, na wimbo ukianza tena unaanza kusikia mafupa yake. Unatambua kwamba kile kipande cha tarumbeta cha kuingilia kilikuwa hivyo hivyo jana, noti kwa noti, hicho kimeandikwa. Kiitikio kimeandikwa. Mapigo ya kuingilia sebene yameandikwa, na mpiga dramu ndiye anayefungua. Lakini ile solo uliyodhani ni sehemu ya wimbo, leo imekwenda njia nyingine kabisa. Jana alianzia chini akapanda; leo ameanza na kipande cha wimbo wa watu wengine, akakigeuza, akakiacha. Kumbe alikuwa anatunga palepale. Jambo hilo huwezi kulijua kwa kwenda siku moja, hata uwe na sikio zuri namna gani, kwa sababu huna cha kulinganisha nacho isipokuwa kanda, na kanda imetoka studio.

Utamgundua pia mpiga rizimu. Siku ya kwanza hakuna anayemtazama. Siku ya pili utaona kwamba solo ikipotea njia, yeye ndiye anayeirudisha, na kwamba mikono yake haijasimama tangu saa 3.

Wazee wa Tabora walikuwa na elimu hii bila kuitafuta. Mji huu ulikuwa na Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, bendi tatu zenye majina Tanzania nzima. Mtu wa hapa aliweza kuusikia wimbo ule ule ukumbini wiki baada ya wiki, akajua solo ya wiki hii imezidi ya wiki iliyopita au imepungua, na akabishana juu yake kwenye kahawa. Mzee mmoja jirani yetu, nikimwamkia na kumuuliza habari za Tabora Jazz, hanisimulii nyimbo, ananisimulia usiku. Usiku fulani besi ilivyokuwa, usiku fulani mwimbaji alivyorudia ubeti. Sisi tuliobaki na siku mbili kwa mwaka, angalau tuzitumie zote mbili.

Ukienda zote, badilisha mahali pa kusimama. Mbele kabisa ya jukwaa unasikia gitaa na dramu moja kwa moja kutoka kwenye vyombo vyenyewe, ila waimbaji wanapungua, kwa kuwa spika kubwa ziko pembeni na zinaelekea watu walio nyuma yako. Pembe za ukumbi zinajaza besi kupita kiasi. Mahali penye mlingano ni karibu na meza ya fundi mitambo, maana yeye anapanga kila kitu kwa masikio yake pale alipo. Ningesema Ijumaa simama mbele, kwa sababu watu ni wachache na moyo utakuvuta huko hata ukikataa, na Jumamosi kaa karibu na fundi.

Masikio yenyewe

Hili naomba lisichukuliwe kijuujuu, maana siku mbili mfululizo si sawa na siku mbili zilizoachana kwa mwezi. Ukitoka ukumbini masikio yanavuma, sauti za watu zinasikika kama ziko ndani ya chupa. Hapo seli za ndani ya sikio zimechoka. Zikipumzika mara nyingi zinarudi, lakini zinaweza kuhitaji siku nzima au zaidi. Kati ya saa 8 usiku wa Ijumaa na saa 3 usiku wa Jumamosi kuna saa 19 tu. Unaingia usiku wa pili masikio yakiwa bado hayajapona ya kwanza.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa kiwango kwa ajili ya kumbi za muziki: wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Na hata hapo, kwa vipimo vinavyopendekezwa kulinda wafanyakazi Marekani, desibeli 85 ni salama kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unapungua nusu, kwa hiyo kwenye 100 unabaki na dakika 15. Karibu na spika zetu unaweza kuzidi hapo bila kujua. Nunua vizibo vya masikio vya sponji kabla ya Ijumaa. Ulizia maduka ya dawa au maduka ya vifaa vya ujenzi. Pamba haitoshi. Vizibo vinapunguza ukali na bado utasikia besi, solo na maneno, na Jumamosi utakuwa na masikio ya kusikilizia. Kila baada ya saa moja hivi toka nje dakika kumi, ukapate maji na mshikaki.

Ya pili ikiwa Kigoma

Ratiba hii ni ngumu zaidi. Bendi inapiga Tabora Ijumaa, inalala saa chache, inaondoka, na Jumamosi usiku iko Kigoma. Kutoka kwetu ni zaidi ya kilomita 400. Barabara inapita Urambo, Kaliua, inavuka mto Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete, inaingia Uvinza, kisha inashuka ziwani. Reli ni nzuri kwa anayependa safari, ile ile ya Wajerumani iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, lakini treni ya abiria haitembei kila siku, kwa hiyo usiiwekee matumaini kwa onesho la kesho yake. Ni basi la alfajiri. Umetoka ukumbini saa 8, saa 11 uko stendi, unalala kwenye kiti, mchana umefika Mwanga, mjini Kigoma, unatafuta gesti. Jumapili unarudi, Jumatatu uko kazini.

Kwa gharama hiyo unapata nini ambacho Jumamosi ya Tabora haina?

Unapata watu wengine. Kigoma ni bandari, Kongo iko ng'ambo ya maji, Burundi iko karibu, na rumba imeingia mjini kwa njia zote hizo kwa miaka mingi. Ndiyo sababu mji ule umetoa wanamuziki wengi kuliko ukubwa wake; Ali Kiba na Diamond Platnumz wote asili yao ni huko, na muda mrefu kabla yao Shem Karenga, mzaliwa wa Kigoma, alikuja huku na kupata jina akiwa na Tabora Jazz. Kwa ninavyoona mimi, hadhira ya Tabora inaitikia maneno: ubeti wenye fumbo ukipita, utasikia ukumbi mzima ukiguna. Kigoma wanaitikia gitaa. Solo ikibadilisha kamba, watu wanapiga kelele kabla hata wewe hujatambua kilichobadilika, na mpiga solo akishasikia kelele hizo anakuwa mtu mwingine. Nimemsikia mpiga gitaa aliyekuwa mpole kwetu Ijumaa akipiga Kigoma kama amefunguliwa kamba.

Sauti yenyewe pia ni tofauti, maana maonesho ya kule niliyohudhuria mara nyingi yalikuwa sehemu za wazi. Hakuna bati wala ukuta wa kurudisha sauti. Besi inatawanyika na kupungua uzito, lakini maneno yanasikika neno kwa neno. Msimu wa mvua, hata hivyo, ukumbi wa wazi ni bahati nasibu, na nauli yako hairudishwi.

Kinachokosekana ni kile nilichokisifu juu: kulinganisha. Ukumbi umebadilika, watu wamebadilika, mitambo imefungwa upya, wewe umechoka na safari, bendi nayo imechoka na safari ile ile. Solo ikienda njia nyingine huwezi kujua ni kwa sababu anatunga au kwa sababu hamsikii mpiga dramu. Unaona maonesho mawili mazuri. Huoni wimbo mmoja mara mbili.

Hesabu ya pesa

Haina mambo mengi. Siku mbili Tabora ni viingilio viwili, bodaboda mara nne na chakula. Tabora na Kigoma ni viingilio viwili hivyo hivyo, ongeza nauli ya kwenda na kurudi, usiku mmoja au miwili ya gesti, na siku ya kazi ikibidi. Kwa kawaida safari peke yake itazidi viingilio vyote viwili. Kama una ndugu Kigoma wa kukupokea, mambo yanabadilika, na migebuka, samaki wa kule ziwani, inastahili kuwekwa kwenye mizani.

Mimi ningechagua hivi

Mwenye uwezo wa siku moja tu: kama bendi yako inasifika kwa waimbaji, Ijumaa. Kama inasifika kwa magitaa, Jumamosi. Kama unakwenda na mwenzako ambaye hajawahi kuiona bendi ya vyombo, Jumamosi pia, aone watu wakicheza. Usimwanzishe kwenye ukumbi wenye mluzi wa kipaza sauti.

Mwenye uwezo wa siku mbili, na bendi iko Tabora siku zote mbili: nenda zote, bila kujiuliza sana. Ningeacha kununua viatu vipya mwezi huo kuliko kuacha siku ya pili.

Ya pili ikiwa Kigoma, hapo nasita. Kwa bendi niliyoiona mara nyingi, ningekwenda, kwa sababu tayari nazijua nyimbo zake kwa ndani na ninachotaka ni kuona zinavyopokewa kwingine. Kwa bendi ninayoiona mara ya kwanza, ningebaki na Ijumaa yangu, nikaisikiliza vizuri kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wanakunja nyaya, na pesa ya basi nikanunua muziki wao. Bendi ndogo nyingi zinauza kazi zao wenyewe pale pale mlangoni, zimewekwa kwenye flashi. Pesa hiyo inaingia mkononi mwao, na ndiyo inayowarudisha huku mwaka unaofuata.

Mkiwa kundi, kuna la kufanya mapema. Watu sita wanaolipia siku zote mbili kwa pamoja wana nguvu ya kuomba bei ya siku mbili, hata kama bango halijaitaja. Namba ya simu huwa iko chini ya bango. Piga kabla ya Jumatano, ongea na mwandaaji kwa heshima, mwambie idadi yenu. Ijumaa usiku mlangoni hakuna mwenye nafasi ya kukusikiliza.